Mwanachuo Juu ya Dungu

Jilala alishuka kituo cha Shinyanga mwezi wa Mei, mwaka 1937, akiwa na sanduku la bati, koti zito ambalo hakulivua hata juani, na habari moja ambayo hakutaka kuitoa. Kutoka kituoni hadi kijijini kwake Mwanhembo ni mwendo wa nusu siku kwa mguu, na njia nzima alikuwa akipanga namna ya kumwambia mkewe. Alipofika, Mageni alimpokea sanduku, na binti yao Paskalina akajificha nyuma ya mama yake kwa sababu alikuwa amemsahau baba. Maneno yote aliyoyapanga yakayeyuka. Alisema tu kwamba safari ilikuwa njema.

Siku hizo vijana wa Usukuma waliofika kusoma chuo kule Kampala walikuwa wachache mno, na Jilala mwenyewe alifika kwa kuchelewa. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni kwa miaka sita, tayari ana mke na mtoto, ndipo mapadri walipomtafutia nafasi. Darasani alikuwa mkubwa kuliko wote. Wenzake, waliomjua kwa jina la ubatizo, Pantaleo, walimwita Mzee, naye ana miaka ishirini na minane tu. Kijijini walimwita mwanachuo, na tangu aliporudi watu walikuwa wakipita nyumbani kumsalimu na kumtazama koti.

Siku ya tano ndipo alipomwambia. Mageni alikuwa ameketi kivulini akichambua choroko kwenye ungo, na Jilala akakaa karibu naye, akaanza kuchambua pia, akawa anatupa nzima pamoja na mbovu mpaka Mageni akauondoa ungo mbele yake na kumuuliza ana nini. Akasema ameshindwa mtihani wa elimu ya viumbe. Masomo mengine yote amefaulu, hilo moja ameshindwa. Mwezi wa Julai ataufanya tena, na akishindwa mara ya pili atarudishwa nyumbani moja kwa moja.

Mageni aliuliza kilichomshinda ni nini, lugha, mwalimu, au alikuwa mgonjwa.

"Kimya," Jilala alisema.

Ikabidi aeleze. Kule chuoni, baada ya chakula cha jioni, kengele ililia na wanafunzi wote wakaingia ukumbi wa kusomea. Walikaa humo saa mbili nzima, na mtu akikohoa watu waligeuka. Wenzake walikipenda kimya kile. Yeye kilimmaliza. Kusoma alijifunzia machungani, ana miaka kumi, kitabu cha herufi magotini na ng'ombe wa baba yake mbele yake. Tetere walikuwa wakilia kwenye migunga, nyenze wakipiga kelele mchana kutwa, kengele ya dume kubwa ikigonga huku na huku. Hivyo ndivyo herufi zilivyomwingia. Mle ukumbini alitazama ukurasa, na maneno yakalala tu kama sisimizi waliokufa. Mwishowe akaanza kutoroka jioni kwenda bondeni, kwenye mafunjo, akawa anasomea huko vyura wakiita. Wiki tatu alisoma vizuri ajabu. Kisha msimamizi akamkuta, akamwambia kwamba bondeni kuna mbu na kwamba watu wazima husomea mezani.

Alikuwa na rafiki mmoja chumbani, Bashiri, mtoto wa mfanyabiashara wa Ngokolo, pale pale Shinyanga mjini. Bashiri alimhurumia, akawa anamgongea meza kwa ncha za vidole, polepole, kama matone ya mvua, ili mwenzake apate kusoma. Wakatolewa ukumbini wote wawili.

Mageni alitaka kucheka, lakini alimwona mumewe alivyoinama, akazuia. Aliendelea kuchambua choroko kwa kitambo. Kisha akasema kama ni hivyo basi Mungu amempanga vizuri, maana mtama unaiva na yeye hana mtu wa kuamia ndege. Msimu uliopita aliyekaa juu ya dungu alikuwa kaka yake, Makoye. Sasa Makoye yuko Geita kwenye machimbo ya dhahabu, na haieleweki atarudi lini. Dungu lipo. Makelele ya kila namna yapo. Mume wake akae huko juu na vitabu vyake tangu asubuhi mpaka jioni, afukuze ndege, asome.

Jilala alisema hilo ndilo wazo jema zaidi alilolisikia tangu aanze chuo.

Dungu lilikuwa katikati ya shamba, jukwaa la fito juu ya miti minne, na paa dogo la nyasi. Kutoka pale kamba zilikwenda pande zote hadi kwenye vijiti vilivyofungwa madebe matupu, na ukivuta kamba shamba zima linagutuka kwa kelele. Kulikuwa pia na kombeo na rundo la madongo makavu. Jilala alilivua koti siku ya kwanza, akalitundika kwenye mti wa dungu, na hakulivaa tena mwezi mzima.

Majuma mawili yalikuwa mazuri. Upepo ulipopita, majani ya mtama yalisuguana kwa sauti ndogo ya ukavu, na chini yake kwale waliitana. Hua walianza asubuhi, wakapumzika, wakaanza tena mchana. Jilala alisoma. Akasoma mambo ya mizizi, mambo ya damu, mambo ya mapafu, na alipofumba macho aliona kurasa zilivyo. Ndege walipokuja, wachache wachache, alivuta kamba bila kuinua kichwa. Mageni alipomletea ugali na maziwa ya mgando alimkuta amejaa furaha, mdomo haufungi, anataka kumweleza moyo wa chura una vyumba vingapi. Alimsikiliza huku akimtoa nyasi nywelini. Walikuwa hawajakaa pamoja hivyo tangu Paskalina azaliwe, na jirani zao walianza kusema kwamba mke wa mwanachuo siku hizi anachelewa kurudi kutoka shambani.

Kisha ikafika siku ya Songwa. Mama yake Mageni, aliyekaa Songwa, aliugua homa, na Mageni akaondoka alfajiri na Paskalina mgongoni kwenda kumjulia hali. Kabla ya kuondoka alimwambia mumewe kwamba kwelea wameonekana upande wa Kishapu, kundi kubwa, na kwamba leo kamba zisimtoke mkononi. Jilala akasema amesikia.

Na kweli alisikia. Asubuhi ile alivuta kamba kila mara hata mikono ikamwuma. Lakini jua lilipofika juu ya kichwa, alifungua sura iliyomshinda kule Kampala, sura ya jani na chakula chake. Alikuwa ameisoma mara nne chuoni na mara zote nne alitoka mikono mitupu. Siku ile, katika ukurasa wa pili, alihisi kitu kinafunguka. Akainama zaidi. Kulikuwa na sauti nyuma yake, upande wa mashariki wa shamba, sauti nyororo, nyingi, isiyokatika, kama mvua ndogo inayoangukia majani. Ilimtuliza kama alivyokuwa hajatulizwa mwaka mzima. Hakujiuliza mvua gani mwezi wa Mei na mbingu nyeupe. Aliiacha imfunike, akasoma, akageuza, akasoma, na kila mstari ulikaa mahali pake.

Mageni, akiwa njiani kurudi, aliona wingu kutoka mbali. Lilipaa kutoka shambani kwake, likajikunja, likashuka tena. Alimtua mtoto njiani, akamwambia asiondoke hapo, akakimbia huku akipiga kelele na kurusha mawe, na kundi likainuka kwa mshindo hata dungu likatikisika. Jilala akainua kichwa. Alimwona mkewe amesimama kati ya mtama, akihema, na kwa sababu akili yake ilikuwa bado kitabuni, akatabasamu.

"Mageni," alisema, "nimelielewa lote."

Mageni alikata suke moja, akalipukuta kati ya viganja, akapuliza. Makapi yakaruka yote. Akamwonyesha mumewe kiganja, na ndani yake hamkubaki hata punje.

Upande wote wa mashariki ulikwisha. Ilikuwa nusu ya shamba, na ndiyo nusu iliyokuwa na mtama mzuri zaidi, kwa sababu ardhi ya huko ni nyeusi na hushika maji. Walizunguka mpaka giza likaingia, wakishika suke hili na lile, na kila walilolishika lilikuwa jepesi.

Siku tatu Mageni hakusema naye ila lililolazimu. Chakula alimwekea, maji ya kuoga alimwekea, na alipoona kandambili zake za ngozi zimekatika alizishona akazirudisha mlangoni. Lakini hakusema. Jilala angependelea kutukanwa. Alikaa juu ya dungu mchana kutwa bila kitabu, akivuta kamba hata pasipo ndege, na jioni alirudi na macho mekundu.

Siku ya nne alipanga nguo mbili kwenye kifurushi. Vitabu alivirudisha ndani ya sanduku la bati, akalifunga. Mageni alitoka kukamua, akamkuta.

"Nitakwenda Geita," Jilala alisema. "Makoye atanitafutia kazi machimboni. Nitawaletea chakula. Mambo ya chuo basi."

Mageni aliweka kibuyu cha maziwa chini. Akakaa kizingitini, na kwa kuwa mlango wenyewe ulikuwa mwembamba, Jilala hakuwa na pa kupita.

"Siku ile ndege walipokuwa wanakula," alisema, "wewe ulikuwa unasoma nini?"

Jilala alidhani anataka kumwumiza, akainamia kifurushi chake. Mageni akarudia swali. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa akingoja.

Basi akamweleza. Alimweleza kwa Kisukuma, kwa sababu ndiyo lugha ya nyumbani, na kwa kuwa Kisukuma hakikuwa na maneno ya mwalimu wa Kampala ilibidi atafute yake. Alisema jani ni jiko. Ule ukijani wake ndio unaopika. Jua ni moto, maji yanaletwa na mizizi kutoka chini, na hewa inaingia kwa midomo midogo iliyo tumboni mwa jani, midogo hata jicho haliioni. Vinapikwa pamoja, kinatoka chakula, na mmea mzima unakula humo. Hakuna mnyama duniani anayeweza kupika hivyo. Sisi na ng'ombe na ndege, wote tunakula mezani kwa jani.

Mageni alifikiri.

"Na usiku? Moto ukishazimika, mtama unakula nini?"

Jilala hakujua. Alilifungua sanduku, akatoa kitabu, akageuza mpaka akaupata ukurasa, na alipousoma akakumbuka kwamba kule chuoni aliuruka kila mara kwa sababu ulikuwa na michoro mingi na maneno machache. Alisoma amesimama. Kisha akasema mmea haumalizi chakula chote cha mchana. Kingine unakiweka akiba, ndani ya shina, ndani ya mizizi, na usiku unakula akiba. Na ukikaribia kufa unakusanya chakula kilichobaki unakifunga ndani ya punje, ili mtoto atakayeota asianze na njaa.

"Kwa hiyo punje ni masurufu," Mageni alisema. "Mama amemfungia mtoto masurufu ya safari."

Jilala alisema ndivyo hasa, na kwamba hata mwalimu wao hakulisema vizuri hivyo. Halafu wote wawili wakakumbuka kwamba masurufu yenyewe yameliwa.

Mageni ndiye aliyeanza tena. Alisema taratibu, akitazama mikono yake.

"Ndege wamekula nusu, Baba Paskalina. Nusu hiyo imekwisha, na mimi nimekwisha kuililia. Lakini ukurasa ule uliusoma kwa mtama wangu. Ukienda Geita sasa, nitakuwa nimepoteza mtama na kilichonunuliwa kwa mtama. Mimi chakula nitahemea Songwa, kwa baba, na Makoye nimekwisha kumpelekea salamu kwa watu wanaokwenda huko. Wewe utasoma."

Jilala alisema hajiamini tena juu ya lile dungu.

"Yaya," Mageni alisema, ndiyo kusema hapana kwa lugha ya kwao. "Hutakaa peke yako."

Kesho yake walipanda wawili, na Paskalina akachezea chini kivulini. Mageni alichukua kamba. Alimwambia mumewe asome, masikio amwachie yeye. Lakini kila kitabu kilipofungwa kwa mapumziko alimfundisha yale ambayo yeye aliyajua tangu utotoni na hakuwahi kudhani ni elimu. Kwelea wakiwa hewani sauti yao ni upepo, na upepo unapita. Wakishatua wakaanza kula, sauti inakuwa mvua, na ndiyo ya kuogopa. Jilala aliuliza mtu atazitenganishaje mvua ya ndege na mvua ya Mungu. Mageni akasema mvua ya Mungu hainyeshi mahali pamoja. Inatoka upande mmoja inakwenda upande mwingine. Ya ndege inakaa pale pale mpaka chakula kiishe. Tena kabla ya ndege kutua, tetere hukatisha wimbo katikati. Akinyamaza mmoja si neno, wakinyamaza wote, vuta kamba.

Jilala alicheka kidogo, akasema wale watu wa Kampala wangemruhusu Mageni afundishe darasa la viumbe. Mageni akasema wale hawamwezi, maana angewakalisha wote juu ya dungu.

Jioni ilikuwa zamu ya Jilala. Alimweleza sura aliyoisoma siku ile, yote, kwa Kisukuma, na Mageni akauliza maswali yake. Mengine yalikuwa mepesi, mengine yalimrudisha kitabuni. Aliuliza kwa nini damu ya kuku na ya mbuzi zina rangi moja ilhali nyama zao hazifanani. Aliuliza kama jani lenye ugonjwa linaumwa. Kwa wiki tatu kwelea walikuja mara kumi na tatu, na hawakutua hata mara moja.

Wiki hizo zikikaribia kwisha, Makoye alifika kutoka Geita. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mzaha, na vumbi la njiani lilimfanya mweupe hadi kope. Alipanda gari la mizigo, akatembea siku mbili zilizobaki, na kichwani alibeba gunia la makopa, mihogo mikavu ambayo huko magharibi ndiyo chakula. Alipomwona shemeji yake ameketi juu ya dungu na kitabu, na dada yake akirusha madongo kwa kombeo, alisimama ukingoni mwa shamba akawatazama muda mrefu kabla ya kuwaita. Baadaye aliwaambia kwamba alikuwa amekuja na maneno makali ya kumwambia Jilala, lakini pale alipowaona aliyasahau.

Makoye alifanya kazi penye mashine za kuponda mawe. Alisema ni nyundo za chuma, ndefu kuliko mtu, zinainuka na kuanguka usiku na mchana, na hazinyamazi hata Jumapili. Mwezi wa kwanza alidhani atapata wazimu. Sasa hata hazisikii. Siku ile ya kwanza nyumbani walimtandikia ngozi kivulini apumzike baada ya chakula, kwa maana alikuwa hajalala safarini. Akajigeuza kushoto, akajigeuza kulia, akaketi. Alisema kuna nini hapa, mbona pamekufa hivi. Akalala tena, akaketi tena, mpaka akaanza kuona haya.

Mageni alikuwa na makopa ya kutwanga kwa ajili ya ugali wa jioni. Akaweka kinu hatua chache kutoka pale alipolala kaka yake, akachukua mchi, akaanza. Kabla hajafika pigo la ishirini Makoye alikuwa anakoroma. Alipoacha kutwanga ili achekeche unga, Makoye akafumbua macho. Mageni akarudi kwenye kinu, na macho ya kaka yake yakafumbika.

Jilala aliiona hali ile kutoka mlangoni. Hakucheka. Alikwenda akachukua mchi wa pili, akasimama upande wa pili wa kinu, jambo ambalo wanaume wa Mwanhembo hawakuwa wakilifanya, akatwanga na mkewe kwa kupokezana. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba mwaka mzima alikuwa amejiona ana kasoro kichwani. Mageni akamwambia kwamba kasoro anayo, ila si hiyo, na akamwonyesha anavyomwaga unga. Walitwanga hivyo mpaka vivuli vikarefuka, hata makopa yakazidi mahitaji ya siku ile, na Makoye hakuamka.

Makoye alikaa siku sita, akasaidia kuvuna kilichobaki, kisha akarudi Geita. Mavuno yalikuwa madogo, lakini pamoja na makopa, na kile ambacho baba yake Mageni alitoa Songwa, yangewafikisha mvua. Jilala aliondoka mwishoni mwa Juni. Alipanda treni hadi Mwanza, na kutoka Mwanza meli hadi Uganda. Mageni hakumsindikiza kituoni kwa sababu ya kazi. Walibishana kidogo mlangoni kuhusu koti, yeye akitaka alivae, Jilala akisema joto, na mwisho akalivaa.

Mtihani waliufanya ukumbini, mle mle. Walikuwa wanafunzi wanne waliorudia, na msimamizi mbele yao, na saa ya ukutani. Kimya kilikuwa kile kile. Jilala alisoma swali la kwanza akahisi maneno yanaanza kulala. Akaliacha. Akasoma la pili, lililotaka aeleze chakula cha mmea, na pale, badala ya kutafuta maneno ya kitabu, alijiuliza angeanzaje kumwambia Mageni. Akaandika hivyo. Aliandika kwa Kiingereza, bila shaka, lakini moyoni alikuwa akimwambia mtu mmoja, na alijua mtu huyo angeuliza nini kila alipofika mwisho wa sentensi, basi akajibu kabla hajaulizwa. Aliandika mpaka karatasi zikaisha akaomba nyingine. Akarudi swali la kwanza, nalo halikuwa gumu.

Alifaulu. Hakuwa wa kwanza wala wa pili. Mwalimu aliyesahihisha alimwita, akamuuliza amejifunza wapi kueleza kwa utaratibu namna ile, na Jilala akasema nyumbani. Mwalimu alidhani anamaanisha shule ya misheni.

Barua ya habari hiyo ilifika kwa Bwana Akida, mwenye duka pale Ngokolo, ambaye alikuwa babake Bashiri na ambaye watu wengi wa vijijini walipokelea barua kwake. Mageni alikwenda kwa miguu, akamwamkia shikamoo, na mzee akamsomea barua mara mbili akiwa amesimama nyuma ya meza yake ya vitambaa. Kisha akamuuliza atajibu nini, amwandikie. Mageni alisema amwandikie kwamba wote wazima, mama yake kule Songwa amepona, na ng'ombe mwekundu amezaa. Mzee akauliza kama ni hayo tu. Mageni akafikiri, akasema ni hayo tu.

Yalikuwa si hayo tu. Jilala aliligundua jambo hilo mwezi wa Desemba, aliposhuka tena kituoni Shinyanga kwa likizo ya mwisho wa mwaka. Safari hii Mageni alikuja kumpokea, na alikuwa amesimama mwisho wa jukwaa, Paskalina mkononi, kanga mpya begani, na tumbo mbele yake la miezi saba. Jilala alisimama na sanduku lake. Abiria walimpita huku na huku.

Kisha akauliza kwa nini hakumwandikia.

"Nimwambie Mzee Akida aandike mambo hayo?" Mageni alisema. "Mambo yangu na wewe?"

Paskalina safari hii hakujificha. Alimtazama baba yake kwa makini, akamuuliza kama ataondoka tena, na Jilala akasema ataondoka, lakini si kesho wala keshokutwa. Mtoto akaridhika.

Mageni aliinama kulishika sanduku la bati ajitwike, kama ilivyokuwa desturi, na Jilala akalishika upande wa pili. Walivutana kidogo mbele za watu. Kisha Jilala akalinyanyua, akaliweka juu ya kichwa chake mwenyewe, koti na tai vyote mwilini, akaanza kutembea. Wapagazi wa kituo walicheka. Mmoja akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kusikika, kwamba elimu ya Kampala ndiyo hiyo. Mageni alimgeukia, akamsalimu kwa heshima, "Mwadila," na yule mpagazi akalazimika kuitikia.

Waliyavuka mataruma ya reli, wakapita maduka, wakashika njia ya Mwanhembo. Sanduku lilikuwa zito, na Jilala, ambaye hakuwahi kujitwika kitu tangu utotoni, alikwenda kwa shingo ngumu na hatua fupi. Mageni alitembea nyuma yake bila mzigo, Paskalina mkononi, akimwongoza mumewe. Alimwambia asikaze mabega, macho yatazame mbele na miguu itaijua njia yenyewe.